Sanduku Lisilo na Mlinzi

Mwalimu anaposimama mbele ya darasa siku ya mtihani, wanafunzi wote huonekana waaminifu. Macho yao hutulia juu ya karatasi zao, na mikono yao hutulia juu ya meza. Lakini mwalimu huyo akiitwa nje kwa dakika tano, nini hutokea? Kwa miaka mingi nilidhani kwamba swali hili lawahusu wanafunzi peke yao. Ilinibidi kusafiri mbali sana na nyumbani ndipo nijue kwamba lanihusu na mimi pia. Nitawasimulia habari ya safari hiyo, si kwa kuwa ilikuwa na maajabu, bali kwa kuwa nilipimwa, na uzito wangu haukutosha.

Swali lenyewe ni hili: Je, mtu asiyeiba kwa sababu anatazamwa ana haki ya kuitwa mwaminifu?

Nilipata nafasi ya kukaa majuma machache katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, nikiwa mgeni wa mwalimu mwenzangu ambaye shule yake ina urafiki na shule yetu. Ulikuwa mwezi wa Agosti, wakati wa likizo, na mwenyeji wangu alipenda kunitembeza. Siku ya Ijumaa alinichukua katika gari lake hadi Helmsley, mji mdogo wenye wakazi 1,500 hivi, ulio kando ya mto uitwao Rye. Nyumba zake ni za mawe, na mapaa yake ni ya vigae vyekundu. Katikati ya mji pana uwanja, na kila Ijumaa uwanja huo huwa soko. Wauzaji hutandaza mboga, jibini, samaki, mikate na nguo chini ya mahema, na watu wa mashambani huja kununua, na zaidi ya kununua, huja kuulizana hali. Mtu aliyezoea magulio ya kwetu hawezi kujiona mgeni kabisa mahali pale. Lugha ni nyingine na baridi ni nyingine, lakini namna bibi mzee anavyoligeuza tunda mkononi kabla ya kukubali bei yake ni ile ile dunia nzima.

Nyuma ya mji, upande wa kaskazini, nchi huinuka hadi kwenye nyika kubwa zisizo na miti, ziitwazo North York Moors. Serikali ilizifanya kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1952, na eneo la hifadhi hiyo lapita kilomita za mraba 1,400. Udongo wake ni mweusi na dhaifu, hauzai nafaka. Kimeota humo kichaka kifupi kinachochanua maua ya zambarau, na katika mwezi wa Agosti vilima hivyo huwa kama vimefunikwa kwa kanga mpya. Wafuga nyuki hupeleka mizinga yao huko katika majira hayo, na asali inayopatikana ni nzito kiasi cha kutomiminika upesi, ikakaa katika chupa kama jeli. Nayakumbusha haya kwa sababu chupa moja ya asali hiyo ndiyo iliyonifundisha somo langu.

Kabla ya asali palikuwa na duka. Mwenyeji wangu alipokuwa akizungumza na rafiki zake sokoni, niliingia peke yangu katika duka moja kando ya uwanja. Muuzaji aliniona, akaacha alilokuwa akilifanya, akaanza kunifuata. Nilipokwenda kwenye rafu ya vitabu, naye alikuja kuvipanga vitabu. Nilipokwenda penye vikombe, naye alikumbuka kwamba vikombe vyataka kufutwa vumbi. Wanunuzi wengine wawili waliingia baada yangu, wala hakuna aliyewafuata. Sikuambiwa neno, na kwa hiyo sikuwa na neno la kujibu. Nilinunua kadi ya picha ambayo sikuihitaji, kwa noti kubwa ambayo sikulazimika kuitoa, ili tu aone kwamba nina fedha. Nilitoka nimekasirika. Ikiwa mmewahi kushukiwa bure, mnaijua hasira hiyo: huingia tumboni ikakaa kama jiwe.

Nilikwenda kutazama magofu ya ngome ya mji ili nipoe. Ngome hiyo imezungukwa na mahandaki mawili, moja nje ya jingine, yaliyochimbwa na watu waliokuwa na hakika kwamba jirani si wa kuaminiwa. Mwaka 1644, Waingereza walipokuwa wakipigana wao kwa wao, jeshi la Bunge liliizingira kwa muda wa miezi mitatu, mpaka waliokuwa ndani wakasalimu amri. Kisha ilibomolewa makusudi isije ikatumika tena. Mnara mmoja ungali umesimama nusu, nusu nyingine imeanguka, na anayepita huona vyumba vyake kama mtu anayechungulia sanduku lililovunjwa kifuniko. Nilijiambia moyoni kwamba hicho ndicho kikomo cha kushuku: hata mahandaki mawili hayakutosha. Maneno hayo yalinipendeza, kwa kuwa nilikuwa nikimsema muuzaji wa dukani.

Mwenyeji wangu alikuwa na shughuli kidogo mjini. Tulipatana kwamba nitembee kwa miguu hadi Rievaulx, mwendo wa kilomita tano hivi, naye atanikuta huko kwa gari. Njia nilimopita ni mwanzo wa njia ndefu ya watembeao kwa miguu, yenye kilomita 175, iliyofunguliwa mwaka 1969, ambayo hupita juu ya nyika hizo na kushuka hadi baharini. Sikwenda mbali kabla ya kuona, kando ya lango la shamba, meza ndogo ya mbao. Juu yake palikuwa na mayai, na chupa kadhaa za asali ya nyikani, na sanduku la chuma lenye ufa mwembamba wa kupitishia fedha. Kibao kilichoandikwa kwa mkono kilitaja bei: asali, pauni tano. Mwenyewe hakuwapo. Hapakuwa na mbwa wala kengele. Mapatano yote yalikuwa baina ya mnunuzi na lile sanduku.

Niliitaka asali ile. Nilipotazama fedha zangu nikakuta noti moja ya pauni ishirini, na sarafu za pauni mbili tu. Sanduku halirudishi chenji. Nilisimama, nikatazama kulia na kushoto, na kule kutazama kulia na kushoto, enyi wanafunzi, ndiko kulikonishuhudia, kwani mtu mwenye nia njema hana haja ya kutazama pande mbili. Nilitia sarafu mbili, nikachukua chupa, nikasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na msikilizaji, kwamba nitakaporudi nitalipa tatu zilizobaki. Nilijua wazi kwamba sitarudi kwa njia ile. Nilipokwenda mbele hatua mia, sauti nyingine ilikuja kunifariji: watu wa mji huu wamekuvunjia heshima asubuhi, basi pauni tatu ni fidia. Tazameni jinsi moyo wa mwanadamu ulivyo wakili hodari. Muuzaji wa dukani na mwenye asali ni watu wawili wasiohusiana, lakini katika hesabu yangu niliwafanya kuwa mtu mmoja, ili mmoja alipe deni la mwingine. Nalo ni kosa lile lile alilonitendea muuzaji: yeye aliniadhibu kwa makosa ya watu ambao mimi siwajui.

Rievaulx ni magofu ya nyumba kubwa ya watawa, katika bonde lenye utulivu. Ilianzishwa mwaka 1132, na Mfalme Henry wa Nane aliifunga mwaka 1538. Nguzo zake zimesimama bila paa, na majani yameota pale palipokuwa sakafu. Katika siku zake za neema watawa walikuwa wafugaji wakubwa wa kondoo, na sufi yao ilisafiri hadi Italia. Wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakiwalipa fedha mapema, kwa sufi ya kondoo ambao manyoya yao hayajakatwa, na mara nyingine kwa sufi ya miaka ijayo. Baadaye, katika karne ya kumi na tatu, ugonjwa wa upele uliwaingia kondoo, watawa wakashindwa kutimiza ahadi, wakazama katika madeni. Nilipoyasoma hayo nikiwa na ile chupa mfukoni, niliona haya. Watawa hawa walikuwa wadeni kwa sababu hawakuweza kulipa. Mimi nilikuwa mdeni kwa sababu sikutaka kuvunja noti. Wahenga wetu walisema ahadi ni deni, na yangu ilikuwa deni juu ya deni.

Mwenyeji wangu alinikuta hapo, akanipandisha nyikani kwa njia nyingine, nami nikafahamu kwamba ahadi yangu imekufa. Huko juu tulikuta kondoo wenye nyuso nyeusi na pua nyeupe, wakizurura pasipo ua, na barabara ikipita katikati yao. Nilimwuliza ni nini kinachowazuia wasipotee, maana nyika haina mwisho machoni. Alinieleza kwamba kila kundi lina sehemu yake, na kondoo wenyewe huijua. Kondoo jike hulelea mwanawe pale alipolelewa yeye na mama yake, na mwana akikua naye hulelea wanawe pale pale. Mpaka haumo katika waya, umo ndani ya mnyama. Kisha aliniambia jambo la huzuni. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia Uingereza, na zaidi ya wanyama 6,000,000 waliuawa ili usienee. Jimbo lililoumia kuliko yote ni Cumbria, magharibi ya pale. Huko wafugaji kadhaa walipoteza makundi yaliyokuwa yakiijua milima kwa vizazi vingi. Walipoleta kondoo wengine waliona kwamba kununua kondoo ni kazi nyepesi, lakini ule ujuzi wa mipaka haununuliwi. Iliwapasa kuwachunga kondoo hao wageni siku kwa siku, na kuwawekea ua, mpaka wazoee.

Usiku ule sikulala vizuri. Chupa ilikuwa juu ya meza, na taa ya njiani ilipenya dirishani ikaiangaza. Jumapili nilikuwa nisafiri kurudi Kenya. Sikutaka kumweleza mwenyeji wangu, kwa kuwa nilimwona ni mtu wa kuniheshimu. Asubuhi ya Jumamosi nilimwambia kwamba nataka kuuona mji ule mara ya pili, nikapanda basi. Nauli ya kwenda na kurudi ilizidi deni lenyewe, na mtu wa hesabu angenicheka. Nilifika, nikatembea hadi langoni, nikatia pauni tatu katika ule ufa. Zililia mara tatu chini ya sanduku. Mbali kidogo, uani, mama mmoja alikuwa akianika nguo. Aliinua mkono kunisalimu kama wanavyomsalimu kila mpita njia, kisha akaendelea kuanika. Hakujua kama nimelipa au nimechukua, wala hakuuliza.

Wanafunzi wangu, kisa chenyewe kimekwisha hapo, lakini fikira zake hazijaisha. Mnaweza kusema kwamba nilirudi, basi nilikuwa mwaminifu. Nami ningependa iwe hivyo. Lakini nilipokuwa ndani ya basi nilijihoji kwa ukali: Kwa nini narudi? Na jibu la kwanza lililokuja halikunipendeza. Nilikuwa nikirudi kwa sababu sikutaka kuwa yule mtu ambaye muuzaji wa dukani alidhani kwamba ni mimi. Yaani macho yake yalikuwa yangali juu yangu. Nilikuwa nimetoka katika duka lake, lakini nilikuwa nimelichukua duka lake kichwani, naye alikuwa akinifuata humo kutoka rafu hadi rafu.

Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika habari ya mchungaji mmoja aliyepata pete ya ajabu. Akiigeuza kidoleni, huwa haonekani. Mchungaji huyo alipotambua uwezo wake alikwenda katika jumba la mfalme, akamwua, akatwaa ufalme. Plato aliitumia hadithi hiyo kuuliza kama yuko mtu ambaye angevaa pete kama ile akabaki mwema. Wengi huisoma hadithi hii wakadhani inauliza juu ya macho ya walimwengu: yakiondoka, wema utabaki? Mimi baada ya meza ile naisoma kwa namna nyingine. Naona kwamba kosa la mchungaji halikuanza pale watu walipoacha kumwona yeye. Lilianza pale yeye alipoacha kuwaona watu.

Fikirini. Nilipokuwa dukani, mawazo yangu yote yalikuwa juu ya mtazamaji. Nilipokuwa ndani ya basi, mawazo yangu yalikuwa juu ya sifa yangu mwenyewe. Katika hali zote mbili yuko mtu mmoja ambaye sikumfikiri hata kidogo, naye ndiye mwenye asali. Aliamka mapema, akatunza nyuki wake, akaipeleka mizinga nyikani, akakamua, akajaza chupa, akaandika kibao kwa mkono wake. Pauni tano zilikuwa haki yake, si zawadi yangu. Kwa kuwa hakuwapo, nilimhesabu kama hayupo duniani. Ni pale tu nilipomwona yule mama akianika nguo ndipo nilipofahamu kwamba pauni tatu zile zilikuwa na mwenyewe, mwenye shuka za kufua na nyumba ya kuendesha, awe ni yeye au ni jamaa yake. Uaminifu basi si kujilinda machoni pa watu, wala si kujipamba machoni pa nafsi. Uaminifu ni kumwona mwenye haki hata akiwa hayupo.

Na muuzaji wa dukani? Yeye alinitazama sana, lakini hakuniona. Aliona sura iliyokuwa kichwani mwake kabla sijafungua mlango. Kwa hiyo kutazama na kuona ni vitu viwili. Yeye alitazama asione, nami nilishindwa kuona kwa sababu sikuwa na wa kumtazama. Makosa yetu ni ndugu, na nilipolifahamu hilo hasira yangu ilipungua, ingawa sikumpa haki katika jambo alilolifanya.

Msidhani nawafundisha kwamba Waingereza ni waaminifu kuliko sisi. Mji wenye sanduku lile ndio mji wenye duka lile, na milango ya nyumba zake ina makufuli. Kijijini kwetu Taita nilimjua bibi mmoja aliyeuza ndizi kando ya njia. Akienda kisimani, au kumwona mgonjwa, aliziacha ndizi zake hapo, na mnunuzi alichukua fungu lake akaacha fedha chini ya jiwe. Hatukuwa malaika. Tulimjua bibi, tukayajua maisha yake, na kwa hiyo kila fungu la ndizi lilikuwa na uso wake. Mtu akikua, njia yake hurefuka, akanunua na kuuza na watu asiowajua. Hapo ndipo ilipo kazi: kuuona uso wa mtu usiyemjua kama ulivyouona uso wa bibi.

Yuko atakayesema kwamba mazoea si wema, kwani kondoo wa nyikani habaki katika mpaka wake kwa hiari njema, bali kwa malezi. Ni kweli kwamba kondoo hajui sababu. Lakini mwanadamu aliyelelewa vyema aweza kuijua sababu siku moja, na malezi yamempa muda wa kuifikia kabla hajapotea. Ndiyo maana sisemi tuondoe ua wote kesho. Mitihani yetu ya taifa hufungwa kwa makufuli na kusindikizwa na askari, na maadamu wako wanaouza karatasi na wanaozinunua, ulinzi huo wafaa. Lakini taifa ambalo kila mpaka wake ni waya litahitaji mlinzi wa kila mtu, kisha mlinzi wa mlinzi, na hesabu hiyo haina mwisho.

Kwa hiyo, utakapoachwa peke yako penye kitu kisicho chako, usijiulize, Nani ananiona? Jiulize, Ni nani ambaye mimi simwoni? Ukinakili mtihani, usiyemwona ni mwanafunzi wa shule ya mbali aliyesoma kwa taa ya mafuta, ambaye nafasi yake umeichukua. Ukiwa karani ukachukua fedha za zahanati, usiyemwona ni mtoto mwenye homa ambaye mama yake ataambiwa kwamba dawa zimekwisha. Hawa wote hawapo chumbani unapotenda. Lakini wako.

Tangu niliporudi, mara moja katika kila muhula huwapa wanafunzi wangu jaribio, kisha nikatoka nje nikaketi chini ya mti. Mara ya kwanza niliposahihisha karatasi niliona dhahiri kwamba wawili walinakiliana, hata makosa yao yalifanana. Sikusema neno. Jioni mmoja wao alikuja nyumbani kwangu, akasimama mlangoni kwa kitambo kirefu, akasema anataka kufanya jaribio lile upya. Wa pili hakuja. Nilimpa yule wa kwanza karatasi na kalamu, nikamwachia meza yangu, nikaenda jikoni kupika chai.